Kurasa Kumi za Mama Vifungo

Jumatatu, 4 Machi

Zamu yangu hatimaye. Kitabu cha nane cha Mama Vifungo kiko mikononi mwangu tangu jana jioni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa saa mwenye duka mkabala na langu, alikikalia siku tisa. Siku tisa! Alinikabidhi akitabasamu tabasamu la mtu anayejua mwisho. Sikumwuliza. Bora nife na dukuduku langu.

Kwa wajukuu watakaosoma shajara hii: Mama Vifungo ni mjane wa vitabuni, muuza vifungo na nyuzi, anayefumbua mauaji bila kutoka nyuma ya kaunta. Anatazama mtu amenunua nini, basi. Katika kitabu cha tatu alimnasa tapeli kwa sababu alinunua uzi mweusi na shati lake lilikuwa jeupe. Akili gani hiyo! Mimi nauza misumari, bawaba na saruji. Kaunta ninayo. Macho ninayo. Nilichokosa ni maiti tu.

Mtaani kwetu tunasoma kwa zamu, chini ya Mwalimu. Ni mama mmoja, mwalimu mstaafu. Alinifundisha darasa la tatu na hadi leo ananiita Bwana Haraka mbele ya wateja wangu. Vitabu ni vyake, lakini yeye husoma wa mwisho. Anasema mpishi hujipakulia mwisho. Zamu yake ni keshokutwa. Ijumaa anakwenda kupasuliwa macho, na daktari hakumwahidi kitu.

Kwa hiyo nasoma mbio. Mteja akiingia nakilaza kitabu kifudifudi pale kwenye kaunta panapokaa madaftari ya zamani ninayochana kufungia bidhaa, ili mke wangu asijue kwamba nasoma kazini. Asubuhi aliniambia jambo kuhusu karatasi za kufungia. Sikulishika vizuri. Nilikuwa sura ya saba, mwenye nyumba ya wageni ndiyo kwanza amekutwa amekufa chini ya ngazi, kifungo cha buluu kimo kiganjani mwake.

Wateja watano leo. Wote nimewahudumia bila kutazama mikono yangu, kwani miaka ishirini ya kazi si mchezo, huku nikiwasimulia sifa za Mama Vifungo. Kwa mazoezi nimeandika kila mmoja alichonunua, kama angefanya yeye. Mwoka mikate: bawaba mbili. Seremala: misumari ya inchi mbili. Kinyozi: skrubu za kioo. Mama wa kuku: misumari ya wavu. Muuza maziwa: mpira wa bomba. Hakuna aliyeonekana muuaji. Muuza maziwa namtilia shaka kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Msiba. Ukurasa wa 210, Mama Vifungo amewakusanya wote sebuleni, amekohoa, ameinua kile kifungo kila mtu akione. Nikafunua. Hakuna kitu. Vipande vya karatasi kwenye mshono, kisha jalada. Kurasa kumi zimechanwa!

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji kwa muda. Kisha nikafurahi, lazima niseme ukweli hapa. Uhalifu, mtaani kwetu, na mwenye duka yupo.

Mshukiwa wa kwanza ni shemeji. Alikuwa nacho kabla yangu, na ananionea wivu tangu nilipomwoa dada yake. Wa pili ni mke wangu. Kwanza ni ndugu wa mshukiwa. Tena ana tabia mbaya ya kusoma ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Anasema hawezi kukaa na watu siku nzima hajui watamfikisha wapi. Mtu wa namna hiyo ana uwezo wa lolote.

Nikatega mtego. Alasiri, wote wawili wakiwa dukani, nilitangaza kwa sauti kwamba aliyemwua mwenye nyumba ya wageni ni daktari. Hesabu yangu: atakayetabasamu anaujua mwisho, na anayeujua mwisho ndiye mwizi. Shemeji akatabasamu. Mke wangu akatabasamu. Nikawaandika wote. Shemeji akasema ni kweli anaujua mwisho, kwa kuwa alikisoma kitabu, na kurasa zote zilikuwemo aliponikabidhi. Kwani mwizi angesema nini?

Wakati wa kula mke wangu akanikumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilimshukuru kimoyomoyo. Si jambo jepesi kumtaja kaka yako mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu amekuja mwenyewe kuchukua kitabu, akipapasa ukuta kwa kiganja. Nilikuwa na hadithi tatu tayari: kimelowa, kimeliwa na mchwa, kimekwenda kushonwa. Lakini mtu aliyekusahihishia insha yako ya kwanza humdanganyi. Nikamwambia kurasa zimechanwa, na aliyezichana nitamtia mkononi.

Akapitisha kidole pale kwenye mshono. Shemeji, ambaye hakosi kamwe penye aibu yangu, akajitolea kumsimulia mwisho. Mwalimu akakataa. Akasema kusimuliwa atasimuliwa sana akishakuwa kipofu, huu alitaka kuusoma mwenyewe. Jicho la kushoto bado linamruhusu nusu saa kila asubuhi. Ijumaa gari la hospitali linamfuata saa nne. Hakulalamika. Alisema kama anayepanga ratiba ya darasa. Moyo uliniuma sana, na shemeji nikazidi kumchukia.

Nimemwahidi kwamba Ijumaa asubuhi kurasa atakuwa nazo. Alinitazama kwa hilo jicho moja, akaniambia Bwana Haraka, tazama kwanza, ndipo ukimbie. Mwanamke wa ajabu. Kama Mama Vifungo ana dada, ndiye huyu.

Mpango mpya: mhalifu hurudi mahali pa uhalifu wake. Ni kanuni ya kitabu cha tano. Nilipofunga duka nimetandaza unga wa saruji kizingitini, laini kama poda, nyayo zake zipate kubaki.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imenyesha.

Saruji ninayouza ni ya daraja la kwanza, hilo limethibitika. Mlango wa duka umeshikwa chini, haufunguki wala haufungiki. Wayo ulioonekana ni mmoja tu. Ni wangu, na ndala yangu imo ndani yake. Shemeji alivuka barabara na tindo na nyundo akachonga nusu saa bila kusema neno. Ukimya wake uliniudhi kuliko kejeli zake. Mshukiwa anayesaidia ni wa kuogopwa (kitabu cha pili).

Ndipo mke wangu, akifagia mabaki, akaniuliza swali moja. Jumatatu misumari nilifungia nini? Nikamjibu kwamba nilifungia karatasi za kufungia, kama siku zote. Akasema Jumatatu asubuhi aliniambia karatasi zimekwisha, daftari la mwisho aliliwashia jiko Jumapili. Na mimi nilimjibu sawa, sawa, maiti iko chini ya ngazi.

Shemeji akaweka tindo chini taratibu.

Nikayaona yote papo hapo. Kitabu kifudifudi mahali pa madaftari. Mikono isiyohitaji macho. Wateja watano, karatasi tano, kurasa kumi, kuanzia nyuma. Naandika hapa kwa kumbukumbu kwamba fumbo nimelifumbua mimi. Mke wangu aliuliza tu.

Na orodha nilikuwa nayo! Nani mwingine mtaani angekuwa na orodha? Ah, Mama Vifungo, mwalimu wa walimu. Nilitoka mbio na ndala moja. Shemeji akanifuata, ati nisije nikaanguka.

Kwa seremala karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, imeandikwa vipimo vya kabati kwa penseli. Nikamnakilia vipimo vyake, akaitoa. Muuza maziwa alizibia chupa. Ilikuwa imelowa lakini inasomeka. Nilimwomba radhi kwa kumshuku. Kumbe hakujua kama alishukiwa. Sasa anajua, na hatusemezani.

Kwa mama wa kuku ilikuwa kiotani, na juu yake kuku anaatamia. Kuku mwenye msimamo. Tuligawana kazi, shemeji akaimba kumtuliza, mimi nikapeleka mkono. Nimedonolewa mara nne. Nakiri shemeji ana sauti nzuri.

Kwa kinyozi tulikuta wanaume saba, mmoja kanyolewa nusu kichwa. Kinyozi aliisoma ile karatasi Jumatatu jioni, na tangu hapo anamsomea kila anayekalia kiti. Walikuwa wakibishana kwa uchungu kuhusu mpishi wa nyumba ya wageni, anayekaribia kutiwa pingu bure. Wakakataa kuitoa mpaka niwasomee na zile tatu nyingine. Nikasoma, nimesimama kwenye kiti cha kinyozi. Hawakukohoa. Nilipofika mwisho wa karatasi ya nne, yule wa nusu kichwa alinishika shati akitaka ya tano.

Ya tano ilikuwa kwa mwoka mikate, mteja wa kwanza, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kabisa kitabuni. Alinionyesha tanuri. Aliiwashia moto wa mikate ya Jumanne. Mkate wa Jumanne niliula, tena nikausifu.

Nimerudi nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Nne si tano. Mwalimu atasoma kesho kwa nusu saa yake, na kilichoungua ndicho alichokingoja. Nimelia kidogo. Nimemwambia mke wangu ni vumbi. Hakubisha, akaniletea maji.

Ijumaa, 8 Machi

Nilipoamka mke wangu alikuwa mezani na ile kalamu nene ninayoandikia bei. Alikuwa amefungua mfuko wa saruji mtupu, akatoa karatasi safi ya katikati, akaikata vipande vikubwa. Alikuwa akiandika ule mwisho ulioungua. Kumbe Jumapili, nilipokuwa naoga, aliusoma kwanza kama desturi yake, na kwa kuwa aliupenda akaurudia mara tatu. Anaujua wote kwa moyo. Herufi zake zilikuwa ndefu kama kidole gumba. Shemeji alikuja kabla hajafungua duka lake, wakabishana kuhusu sentensi mbili, wakapatana. Miaka kumi na sita naikejeli tabia yake hiyo. Nilimtazama akiandika na nikajiona nimeoa juu ya kiwango changu.

Tulimkuta Mwalimu dirishani, sanduku lake dogo liko mlangoni. Akasoma zile nne pua ikigusa maandishi, akiruka vipimo vya kabati na mavi ya kuku. Tulikaa kama darasa. Jicho lilianza kumtoka machozi, akalifuta, akaendelea. Kisha akazishika karatasi za mke wangu. Hizo akazisogeza mbali kwa urefu wa mkono, akakaa wima, akasoma kwa sauti. Ilikuwa sauti ileile ya darasa la tatu.

Basi mwisho wenyewe ni huu. Hakuna muuaji. Mwenye nyumba ya wageni aliteleza peke yake, na katika kuanguka akajikamata koti lake mwenyewe akanyofoa kifungo. Mama Vifungo alikitambua kwa sababu ndiye aliyemwuzia. Mpishi akaachiwa, akaenda kupika.

Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. Shemeji akacheka akinitazama mimi. Mke wangu akatazama dari. Mimi, pamoja na heshima zote, nimeuona mwisho dhaifu. Watu wamsake adui kitabu kizima, kumbe ni mkono wa mwenyewe? Katika maisha halisi haiwezekani. Lakini alivyousoma! Angesoma hata orodha yangu ya bei ningemsikiliza.

Gari lilikuja saa nne kamili. Karatasi za mke wangu alizikunja, akazitia sandukuni juu ya nguo zake. Nilibeba sanduku. Akaniambia, Bwana Haraka, umetimiza ahadi.

Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu amerudi! La kushoto linaona. La kulia lingali limefungwa bandeji, na safari hii daktari amethubutu kuahidi. Amekuja dukani bila kugusa ukuta. Alisimama mlangoni akasema kizingiti changu kimechongwa upande. Sijapata kufurahia lawama kiasi hicho.

Ameleta kitabu cha tisa. Zamu zimepangwa upya: kwanza mke wangu, kisha shemeji, kisha yeye Mwalimu, na mwisho kabisa mimi. Nimeelewa. Mpishi hujipakulia mwisho. Ni cheo, na sikutaka kujionyesha, nikainamisha kichwa tu.

Mke wangu amekwenda kumwona mama yake, atarudi jioni. Mpaka hapo kitabu nakitunza mimi. Sitakisoma. Nimechungulia sura ya kwanza tu, maiti imo kisimani. Kesi ya mwezi huu imenifunza jambo moja kubwa, kwamba kitabu hakiachwi ovyo mahali ambapo shemeji anaweza kukifikia. Kwa hiyo nimekiweka asipoweza kupadhania: kwenye kaunta, kifudifudi, mahali pa karatasi za kufungia. Nafasi ilikuwa tele. Mke wangu aliniambia kitu kuhusu hilo alipokuwa akitoka.

Seremala anaingia. Bila shaka misumari ya inchi mbili. Nitamsimulia habari za kisima huku nikimfungia.