Kusoma kwa Kipenga

Jumatatu, 21 Julai
Nimepewa kazi! Mwalimu Mkuu, Zabron, katangaza ofisini: watoto wafundishwe kupenda kusoma, na afisa elimu kata anakuja Ijumaa kuona. Ufunguo wa chumba cha vitabu nimekabidhiwa mimi, Hafidh, mwalimu wa darasa la tano. Mwalimu Tausi wa darasa la nne aliutaka. Hakuupata. Kanipongeza kwa tabasamu. Silipendi tabasamu lile. Yeye huwasomea watoto akiwa amekaa nao jamvini, akiiga sauti ya fisi. Mtu mzima! Mimi nimechora ratiba.

Jumanne, 22 Julai
Mpango umeanza. Kipenga cha kwanza: kufungua kitabu. Cha pili: kusoma. Cha tatu: kufurahi, sekunde nne. Watoto arobaini na wawili walifurahi kwa pamoja, isipokuwa watatu. Nimewaandika majina. Mmoja wao, Chiku, binti wa mama anayeuza mihogo getini, aliomba kuendelea kidogo kwa sababu amefika patamu. Nikamwambia patamu patakuwapo kesho, saa tatu na robo.

Jumatano, 23 Julai
Uasi! Kipindi cha hisabati nimemkamata Chiku na kitabu chini ya dawati. Anacheka! Nimemnyang'anya. Ni kisa cha mbuzi aliyepanda boti ya Pemba bila tiketi. Wakati wa chai nikakifungua, kwa uchunguzi tu. Mbuzi anamwambia nahodha kuwa yeye ni shemeji yake. Chai ikanitokea puani. Tausi alikuwa mlangoni. Nikasema nimepaliwa. Kengele sikuisikia, darasa likakaa nusu saa bila mwalimu. Mkuu kaniuliza nilikuwa wapi. Nikamjibu nilikuwa nakagua vitabu. Si uongo.

Alhamisi, 24 Julai
Chiku kaja mezani kwangu. Shikamoo. Marahaba. Kitabu hakukiomba. Alitaka kujua tu kama mbuzi alifika Pemba. Nikamwambia hilo halimo kwenye ratiba. Macho yakamlowa, lakini hakuondoka.
"Mwalimu, nimelala nikimfikiria."
Nikamwambia haraka haraka: alifika, ila kofia ya nahodha ameila. Akatoka mbio. Mapumziko, watoto kumi na tisa mlangoni kwangu, wanasukumana, wanataka kitabu cha mbuzi. Bila kipenga! Nimewatawanya wote, nikakifungia kitabu kwenye chumba cha vitabu.

Ijumaa, 25 Julai
Afisa kaja. Nikapuliza kipenga cha tatu. Darasa likafurahi kwa kelele moja, kama nilivyolifundisha. Afisa akaruka kwa mshtuko. Akamuuliza Chiku anapenda nini katika kusoma.
"Nampenda mbuzi, lakini Mwalimu kamfungia."
Nikaeleza hatari ya ule msukumano wa jana mlangoni kwangu. Nilieleza vizuri sana. Mkuu alikuwa anajifuta jasho. Kisha afisa akaenda kwa Tausi, akakaa jamvini kipindi kizima. Vicheko nilivisikia kutoka kwangu.
Mchana nimepokonywa ufunguo. Kapewa Tausi. Saa ya kutoka nikamwona Chiku na kitabu cha mbuzi, anasoma huku anatembea. Akajigonga kwenye mlingoti wa bendera, akaupa pole, akaendelea kusoma. Nilimtazama mpaka akapotea njiani. Moyoni ikaniingia baridi kidogo, baridi tamu. Nikajikaza. Kusoma ovyo ovyo namna ile ni hatari.

Jumamosi, 26 Julai
Nimeonewa. Sijuti hata chembe! Wangenipa wiki mbili tu, darasa zima lingekuwa linafurahi kwa sekunde nne. Mkuu kanihamishia kwenye bustani ya mchicha. Anadhani kaniadhibu. Hanijui! Leo nimekuja shuleni kwa baiskeli kutoka nyumbani Usagara, siku ya mapumziko, nikapima matuta kwa rula. Kila mtoto na mche wake, kila mche na namba yake, na ole wake atakayegusa jani kabla sijaruhusu. Jumatatu watakipenda kilimo, watake wasitake.