Mnara wa Mlima Harrow Hauanguki

Kumbukumbu ya Mkutano Mkuu wa Chama cha Hiari cha Kuhifadhi Minara ya Kale ya Walinzi wa Moto. Mji wa Larch Creek, Idaho, Jumamosi ya pili ya Septemba, katika ukumbi wa zimamoto, gari likiwa limetolewa nje ili tupate pa kukaa. Ajenda namba mbili: Neno Fupi la Mwenyekiti. Limeandikwa kama lilivyosemwa na Arlene Pruitt, Katibu. Yaliyomo kwenye mabano ni yangu, na siyafuti.

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ngazi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Vidato vya Ngazi. Bwana Ostrander, Afisa wa Misitu, uliyeketi pale mlangoni na bahasha yako mapajani. Bwana Clete Baskin, mmiliki wa nyumbu wa kubebea mizigo, pamoja na nyumbu wenyewe waliofungwa hapo nje, ambao nao ni wadau. Akina mama wa pai za beri. Wewe ndugu uliyesimama karibu na birika la kahawa, ambaye naomba uache kulifungulia ninapozungumza. Mabibi na mabwana. Na mimi mwenyewe, Wendell P. Haverkamp, Mwenyekiti wenu kwa mwaka wa kumi na moja mfululizo, ambaye nisipojitaja nitakuwa nimevunja itifaki. Itifaki sasa imezingatiwa. (Makofi ya watu wanne. Mmoja alikuwa anaua mbu.)

Ndugu wajumbe, leo ni siku ambayo wajukuu wetu wataisoma, kama watafundishwa kusoma. Leo ninatangaza rasmi kukamilika kwa asilimia tisini na sita nukta nne kwa Mradi wa Uhifadhi Endelevu, Shirikishi na Mtambuka wa Mnara wa Mlima Harrow! (Makofi. Mtu wa nyuma anauliza, "Hizo tatu nukta sita zilizobaki ni nini?" Mwingine anamjibu, "Ni mnara.")

Nimewasikia mkicheka, na nafurahi, maana furaha ni kiashiria namba saba katika mpango-kazi wetu. Naomba nirudi nyuma kidogo. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa nyumbani kwangu, mezani, nikiwa na ramani ya zamani na kioo cha kukuzia, na pale juu kabisa ya Mlima Harrow, mahali ambapo macho ya kawaida yasingeona kitu, mimi nikaona pembetatu. Pembetatu ndogo, ndugu zangu, na katikati yake nukta. Nikajiuliza: pembetatu ni nini, kama si mnara? Na nukta ni nini, kama si mlinzi wake yumo ndani? (Bi Lorna Tveit anasema, "Mungu wangu.")

Asante, Bi Lorna, kwa sala hiyo. Kwa wale wageni, huyu ni Bi Lorna Tveit, aliyelinda misitu dhidi ya moto, akitafuta moshi kutoka juu ya mnara wa Mlima Sawbill, kwa majira ishirini na sita ya kiangazi, na ambaye amekataa viti vyetu akaja na kigoda chake mwenyewe, kile chenye miguu ya kioo isiyopitisha umeme, ambacho walinzi husimama juu yake radi inapopiga. Hapa ndani hakuna radi, mama. ("Bado," anasema Bi Lorna.)

Naendelea. Baada ya kuuvumbua mnara huo, nilifanya upembuzi yakinifu. Niliunda Kamati. Kamati ikaunda Kamati Ndogo. Tumefanya vikao mia mbili na kumi na vinne, semina elekezi thelathini na moja, warsha tisa na kongamano moja, ambalo lilinyeshewa. Wanachama wenzangu mmepasua, mmepiga randa na mmepaka rangi mbao mia mbili na kumi za mierezi, ambazo zimelala kwenye banda la Bwana Clete pamoja na jeki nne za kuinulia nguzo, zikiusubiri Mlima Harrow. Mmetoka jasho. Mmejichoma vibanzi. Na mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nikiwaangalia kwa umakini mkubwa sana! (Clete: "Hilo ni kweli, mzee, ulituangalia mpaka nyumbu wakaona haya.")

Wapo wanaouliza mbona katika miaka yote hiyo hakuna mwanachama aliyepelekwa kuuona mnara. Swali zuri, na jibu lake ni usalama. Njia ya kwenda Harrow nimeifunga mimi mwenyewe kwa kamba, kwa sababu mnara wa kale ukikanyagwa ovyo huharibika. Nani kati yenu amewahi kusikia mnara uliharibika kwa sababu watu hawakuukanyaga? Hayupo! Lakini kwa kuwa natambua kiu yenu, nimeleta picha. Katibu, nyanyua picha. Juu zaidi. Hii nimeipiga kutoka barabarani, siku ya mvua. Mnaona ule weupe pale kileleni? Mnara uko nyuma ya huo weupe.

(Nimeinyanyua. Bi Lorna amesimama. Nayaandika maneno yake yote, kwa sababu miaka mitano ameomba kusema na miaka mitano amewekwa kwenye "Mengineyo": "Mwenyekiti, ule ni mbwa wa maji, ndivyo sisi walinzi tunavyouita! Ni kipande cha ukungu kinachokaa mlimani baada ya mvua, na mlinzi mgeni huita kwa redio akidhani ni moshi. Kila mgeni hudanganyika mara moja. Wewe umedanganyika miaka kumi na moja! Nimeutazama Harrow kwa majira ishirini na sita, uko mbele ya dirisha langu. Hakuna mnara. Hakuna hata choo!")

Bi Lorna, naheshimu umri wako, lakini hoja hiyo iko nje ya ajenda. (Nyuma, mtu anabweka: "Wuu!" Mwingine anaitikia: "Wuu, wuu!") Nawasikia mbwa wa Bwana Clete nao wanaunga mkono. (Clete hana mbwa.)

Nafahamu pia ya kwamba Bi Lorna ana ombi lake kuhusu Sawbill, lililoko kwenye ajenda namba kumi na nne, Mengineyo, kipengele cha mwisho. Nalifahamu vizuri, ingawa sijalisoma. ("Basi nikusomee," anasema Bi Lorna. "Mnara wangu una miguu minne, na miwili imeoza. Idara ya Misitu imesema chama kisipotia saini ya kuuchukua na kuutengeneza kabla ya saa kumi na moja leo, theluji ya kwanza ikianguka wataumwagia mafuta na kuuchoma. Mnara niliokaa ndani yake nikilinda misitu yenu isiungue, Wendell, wauchome moto! Mimi nitaangalia moshi wake kutoka jikoni kwangu, na nitampigia nani simu?" Bwana Ostrander anaangalia viatu vyake. Mimi nimelazimika kutafuta kitambaa. Ni saa kumi na robo.)

Inahuzunisha, na ninahuzunika rasmi. Lakini, ndugu wajumbe, tusihamishe magoli. Sawbill ni mnara wa kawaida. Unaonekana. Mtu yeyote mwenye macho anaweza kuuhifadhi mnara unaoonekana! Uongozi wenye dira unahifadhi ule ambao wengine hawauoni. (Wuu! Safari hii safu tatu.) Asanteni. Asanteni sana. Tutafika namba kumi na nne kwa utaratibu, baada ya hotuba hii fupi, taarifa ya Kamati ya Ngazi, majadiliano, na pai. ("Itakuwa saa mbili usiku!" mtu anapiga kelele. Bwana Ostrander ananong'ona kwamba hawezi kuongeza hata dakika, naye anaonekana angetamani aweze.)

Sasa niguse mafanikio kwa takwimu. Katika kipindi cha uongozi wangu, Mnara wa Harrow haukupigwa na radi hata mara moja, wakati Sawbill ulipigwa mara sita. Harrow haukuvunjwa kioo. Harrow haukuingiliwa na panya, popo, wala vijana waliopendana wakachonga majina yao ukutani. Rangi haijabanduka. Kwa kulinganisha na minara yote iliyobaki katika jimbo hili, mnara wetu ndio pekee wenye uozo wa asilimia sifuri! Nauliza: ni nani aliyewezesha haya? Msione aibu, semeni. (Clete: "Ni wewe, mzee! Peke yako! Sisi hatumo!") Umesema, Clete, si mimi.

Katibu, unaniletea nini katikati ya hotuba? Hati? Ahaa. Naona, ndugu wajumbe, uvumilivu umewashinda, mmeamua kuniandikia hati ya pongezi kabla sijamaliza. (Imetoka kwenye bahasha ya Bwana Ostrander. Sikusema ni hati ya pongezi. Nilisema, "Saini hapa, Mwenyekiti.") Nimeguswa. Kiongozi bora hasomi sifa zake mwenyewe hadharani, ni kukosa adabu, kwa hiyo natia saini bila kusoma. Wendell... P.... Haverkamp. Nakala ya pili? Pia! Na ya tatu, kwa ajili ya maktaba. (Saa kumi na dakika arobaini na nane. Bwana Ostrander amezigonga mhuri nakala zote, ameziweka juu ya goti lake. Bi Lorna ameketi kwenye kigoda kama mtu aliyekatwa miguu, amefunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Anacheka.)

Mnaona mama yetu anavyolia kwa furaha! Lakini mbona watu wanatoka? Bwana Clete, unakwenda wapi? ("Kupakia mbao, Mwenyekiti!") Safi! Mnaona ari hiyo? Sijamaliza hata kuhutubia, utekelezaji umeanza! Nendeni, nendeni, chukueni na jeki zote nne! (Shangwe kubwa. Hii niseme ukweli, ilikuwa shangwe ya kweli. Watu wanapanda juu ya viti, mtu amemkumbatia Afisa wa Misitu, mwenye kahawa amelifungulia birika akaliacha linamwagika. Anayepita mlangoni anabweka.)

Kwa hao waliobaki, nimehifadhi kilele. Hii hapa ni bahasha kutoka ofisi ya mambo ya kale, ambayo mwaka jana niliiandikia iuingize Mnara wa Harrow katika orodha ya majengo ya kihistoria. Imefika Jumanne. Sikuifungua, ili niifungue mbele yenu. Naisoma neno kwa neno. "Mpendwa Bwana Haverkamp. Tunashukuru kwa barua yako ya kurasa sitini na mbili. Mkaguzi wetu aliruka kamba, akapanda Mlima Harrow mwezi Julai, na akakuta..." Sikilizeni sasa! "...akakuta kitufe cha shaba, upana wake kama biskuti, kilichopigiliwa juu ya jiwe, kikiwa na alama ya pembetatu yenye nukta. Hiyo ni alama ya wapima ardhi, nayo ndiyo iliyoko kwenye ramani yako. Juu ya mlima hakuna mnara, wala msingi wa mnara, wala msumari, na kwa mujibu wa kumbukumbu zetu haukuwahi kuwepo. Wapima ardhi wa mwaka 1921 waliandika jambo moja tu kuhusu mahali hapo: mbu wengi."

(Inasikika kahawa ikidondoka kutoka kwenye birika.)

Naam. Ndugu wajumbe, naomba utulivu. Barua hii... barua hii, ukiisoma kwa jicho la kitaalamu, inathibitisha kile ambacho nimekuwa nikikisema. Uozo asilimia sifuri! Nawashukuru basi ninyi nyote mliojitolea miaka kumi na moja kwa ajili ya mnara huu ambao, kama ofisi husika inavyotujulisha, hautakuja kubomolewa na mtu yeyote, kwa kuwa... kwa kuwa hakuna pa kuanzia. Nawashukuru wapima ardhi kwa kitufe. Nawashukuru mbu. Na naomba tuitikie pamoja kauli mbiu yetu. Mnara wa Harrow! ("Hauanguki!") Mnara wa Harrow! ("Hauozi!") Mnara wa Harrow! ("Wuuuuu!" Ukumbi mzima, na nje nyumbu.)

(Hapo Mwenyekiti aliisoma tena ile barua, kimoyomoyo. Alikuwa amesimama na barua mkononi, ameinamisha kichwa, nikamwonea huruma, potelea mbali. Bi Lorna alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akaenda hadi jukwaani.

"Wendell, mwanangu," alimwambia, "acha hiyo maiki. Kesho alfajiri tunapanda. Mbao zipo, jeki zipo, na tunahitaji mtu wa kushika ngazi."

"Ngazi ya mnara upi, Bi Lorna?"

"Ule uliopo."

Mwenyekiti aliigeuza barua, akaangalia nyuma yake, huenda akikisia mnara uko upande wa pili. Kisha akauliza, polepole: "Na kule juu, kutakuwa na nafasi ya neno fupi?"

Bi Lorna alimpa kigoda akibebe.

Kumbukumbu hizi nazimalizia leo Jumapili, chini ya mnara wa Sawbill. Mguu mpya wa kwanza umeshaingia mahali pa ule uliooza, na Bi Lorna yuko juu amefungua madirisha yote, anatuitia kila moshi anaouona, hata wa sigara ya Clete. Mwenyekiti amezungumza njia nzima, maili saba za mlima, na hivi sasa bado anazungumza. Lakini ngazi ameishika, na wala haitikisiki.)