Rimoti ya Kila Kitu Isipokuwa Mwanao

Kwa Mama Mkwe,
Mtengenezaji,
Nyumbani.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWANAO, PAMOJA NA OMBI LA MAELEKEZO YA MATUMIZI

Mheshimiwa Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa projekta. Najua ungependa nikupigie simu badala ya kukuandikia kama naandikia ofisi, lakini kwenye simu ungeniuliza Kibonge anakulaje, ningekujibu, tungecheka, na malalamiko yangu yangeishia hapo. Kwa hiyo nimekaa mezani, mjukuu wako nimemweka sakafuni na masufuria yake, na naandika rasmi.

Chanzo ni hiki. Ofisini kwa mwanao walibadilisha vyombo, vile vya zamani wakawagawia wafanyakazi. Wenzake wenye akili walichukua viti. Yeye akaja na projekta, ile mashine ya kutupia picha ukutani, tena haina rimoti yake. Akaniambia tutakuwa na sinema yetu wenyewe: tukishamlaza mtoto, tunakaa mimi na yeye kama zamani, tunaangalia picha ukuta mzima. Sikatai, nilifurahi. Hata kalenda niliibandua mwenyewe. Kisha fundi redio wa pale kona akamuuzia rimoti mpya ambayo, kwa maneno ya fundi, inaendesha kitu chochote duniani ukishaifundisha. Tangu siku hiyo mwanao ni mwalimu, rimoti ni mwanafunzi, na mimi na mjukuu wako ni watu wanaopita nje ya dirisha la darasa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mahali projekta ilipo. Mwanao aliifunga kwa skrubu kwenye shelfu, chini kabisa ya dari, ili Kibonge asiifikie. Hilo ni jema. Alipomaliza kukaza skrubu ya mwisho ndipo akagundua kwamba vitufe vyake viko juu, vinatazama dari, na pale katikati hapapiti kidole. Nikamletea mwiko. Ukipanda stuli, mpini wa mwiko unapita, unabonyeza, inawaka, nimejaribu mwenyewe. Mwanao aliutazama ule mwiko kama nimemtukania ukoo, na wewe ukiwemo. Akasema mwiko si suluhisho la kudumu. Nikamwambia mwiko huohuo ndio unaolisha nyumba hii kila siku. Akasema hilo ni suala jingine.

2. Kuhusu namna ya kufundisha. Rimoti ilikuja na karatasi yenye majina ya mashine na namba zake. Projekta yetu haimo. Kwa mashine zisizomo kuna njia nyingine: unaielekeza rimoti kwenye mashine, unabonyeza na kubonyeza, yenyewe inajaribu namba moja baada ya nyingine, na mashine ikiitika tu, unabonyeza upesi kitufe cha kuhifadhi. Sasa ile projekta, Mama, ni nzito kuamka. Ukiiita inafikiria kwanza, feni inaunguruma, ndipo taa inakuja taratibu kama mtu anayetafuta ndala zake. Mpaka iwake, kidole cha mwanao kimeshapita namba kadhaa mbele, na haijulikani ni ipi iliyoiamsha. Anaanza upya. Nimemwambia, bonyeza, halafu subiri, kama ninavyomlisha Kibonge: kijiko, subiri ameze, kijiko. Akaniambia, nimekaribia.

3. Kuhusu neno hilo. Chakula kipo mezani: nimekaribia. Nishikie mtoto nikaoge: nimekaribia, mke wangu. Gesi imekata na maharage hayajaiva: nimekaribia. Mama, mtu anayekaribia kiasi hiki angekuwa ameshapitiliza.

4. Kuhusu majirani. Mlango wetu unatazamana na wa dada mmoja fundi cherehani, na kwa joto hili milango yote inakaa wazi. Juzi televisheni yake ilizimika yenyewe, bwana harusi wa kwenye tamthilia ndiyo kwanza anafungua mdomo kujibu. Akavuka na futi ya kupimia shingoni, akasema, "We Baba Kibonge, hivi umekosa cha kuchezea?" Mtu mwingine angeomba radhi. Mwanao aliruka juu kwa furaha, akapiga makofi, akasema umeona, inafanya kazi! Tangu hapo yule dada hainuki kwenye kiti chake. Akitaka sauti, anapaza yake: "Jirani, niongezee kidogo!" Na anaongezewa. Papo hapo. Mimi nikiomba ndoo ya maji, nawekwa kwenye foleni.

5. Kuhusu upole. Hapa naomba usome taratibu, Mama, maana hapa ndipo panaponiuma. Sijawahi kumsikia mwanao akiikaripia ile rimoti. Ikikosea anaiambia, haya, tujaribu tena, pole pole. Anaifuta vumbi kwa shati lake, shati ambalo nafua mimi. Siku moja taa yake ilififia, akaigeuza mgongo, akaiuliza kabisa kwa mdomo wake, "Umechoka?" Akaenda kuinunulia betri. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mtoto mgongoni, nguo za kuanika begani, na taa yangu ilishafifia tangu Kibonge aanze kuota meno.

6. Kuhusu Jumapili. Mjukuu wako ameanza kusimama. Alishikilia mguu wa stuli, akauachia, akasimama peke yake katikati ya sebule, tumbo mbele kama mwenyekiti wa mtaa, anaangaza nani anamwona. Baba yake alikuwa palepale, ila mgongo ndio uliomwelekea mtoto. Nikaita, Baba Kibonge, geuka uone! Unajua alichojibu. Kibonge akangoja. Akaona huyu hageuki, akakaa chini, akarudi kwenye masufuria. Hakulia. Angelia, nisingekuandikia barua hii. Siku yoyote kuanzia sasa atatembea, Mama, na ninachoogopa ni kwamba hatua zake za kwanza atazipiga kuelekea kwenye mgongo.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima na taadhima:

(a) Unitumie namba ya mwanao. Nimeitafuta kwenye ile karatasi mbele na nyuma. Zipo za televisheni, za redio, za feni, zipo za mashine ambazo hata kazi zake sizijui. Za waume hazimo. Wewe ndiye uliyemtengeneza, ukaishi naye mpaka nilipomchukua. Lazima kipo kitufe ulichokuwa ukibonyeza akageuka.

(b) Kama namba haipo, unitumie kitabu chake cha maelekezo, au uje mwenyewe kama fundi. Sitaki kubadilishiwa. Nimempenda huyuhuyu na kasoro zake, na Kibonge ameshakirithi kichwa chake. Nataka aitike tu.

(c) Kama yote hayo hayawezekani, unipe ruhusa, kama mkuu wa familia, mimi na mjukuu wako tupandishwe kwenye ile shelfu tukafungwe kwa skrubu kando ya projekta. Nimepima, tunaenea, mimi nikikunja miguu. Hapo mwanao akielekeza rimoti juu, hata kama hajatukusudia, itatupata na sisi.

Nakutakia afya njema. Msalimie Baba, na umwambie kwa goti lile asipande ngazi. Msalimie wifi na wanawe, na mama wa jirani anayeniulizia kila mara. Kibonge anakusalimu kwa kugonga sufuria.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye betri zilezile za mwaka jana,

Mama Kibonge

Nyongeza: Mama, barua nilikuwa nimeshaiandikia bahasha. Mwanao akapita, akaliona jina lako juu yake, akaniuliza kama akapike uji. Akamchukua na Kibonge wakaenda jikoni. Rimoti ikabaki mezani. Nikasema niishike kidogo tu, nimwonyeshe maana ya kusubiri. Bonyeza, subiri. Bonyeza, subiri. Mama, ikawaka! Ukuta mzima bluu! Nikapiga kelele, na kwa furaha ileile kidole kikabonyeza tena. Namba ikapita. Nikaanza upya, maana sasa nilijua namba yenyewe ni ya huku mwanzoni, au kama si mwanzoni basi katikati. Nikasikia mwanao ananiita kutoka mlango wa jikoni, Mama Kibonge, geuka, geuka upesi! Na mimi, macho kwenye taa nyekundu ya rimoti, nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema neno lile.

Nilipogeuka, alikuwa ameshafika. Ametembea, Mama. Kutoka mlango wa jikoni, sebule nzima, kuelekea kwenye mgongo kama nilivyoogopa. Mgongo wangu. Baba yake amepiga magoti kule nyuma, mwiko mkononi unadondosha uji, anacheka na machozi yanamtoka. Yeye ameziona hatua zote. Mimi niliona ya mwisho, ile ya kuangukia sketi yangu.

Hajanisema hata neno. Amekuja akakaa chini na sisi, akaniuliza, kwa sauti ileile anayoongelea na rimoti, kama nimechoka.

Kwa hiyo ile namba usijisumbue sana kuitafuta. Ila ukiipata, tuma mbili.