Mrithi wa Ukumbi wa Karate

Jumatatu, 3 Machi

Sensei, mwalimu wetu mkuu wa karate, ametangaza. Magoti yamegoma, anakwenda kuishi kwa binti yake, na Jumamosi atamkabidhi mmoja wetu ufunguo wa ukumbi. Seremala mwenye karakana chini ya ukumbi alikuwa anakata mbao, ikabidi Sensei arudie. Nilisikia mara zote mbili. Moyo ulidunda hadi mkanda ukalegea.

Wagombea ni wawili. Kwanza mimi, msaidizi wake wa siku zote, mkanda mweusi, bingwa wa ile mipangilio ya ngumi na mateke unayoifanya peke yako, adui akiwa hewa. Hewa haijawahi kunishinda. Wa pili ni mwalimu wa chekechea, mama mfupi mwenye sauti ya kuwaita watoto wakanawe mikono. Tunamwita Bi Chekechea. Yeye hufundisha karate ya mtaani: ukikabwa ufanyeje, ukivutwa mkoba ufanyeje. Somo lake la kwanza ni kukimbia. Kukimbia! Mtu anashona sare nyeupe, anafunga mkanda, halafu anafundishwa kazi ya kuku.

Niseme ukweli, shajara haina mdomo. Ufunguo ule nautaka kuliko kitu chochote. Kwenye duka la vifaa vya umeme ninakouza naitwa "wewe wa balbu". Ukumbini tu ndiko ninakoitwa mwalimu.

Jumanne, 4 Machi

Nimempima mpinzani. Nilijitolea kumkaba koo mbele ya wanafunzi, nia yangu nimwaibishe kistaarabu. Nikamkaba. Kilichofuata sikijui vizuri. Hakuvuta, hakurusha teke. Alishusha kidevu, akanisogelea badala ya kurudi nyuma, kiganja chake kikaja usoni, nikajikuta nimelala chali natazama taa ya darini. Yeye alikwishafika mlangoni, anawaeleza wanafunzi kwamba ushindi ni kufika nyumbani salama.

Nimeshangaa. Mpaka sasa nashangaa. Mtu mfupi vile! Niliomba turudie, tukarudia. Ile taa ina nzi waliokufa ndani.

Baadaye aliniuliza kama nimeumia, akanipa ushauri nisiouomba. Eti mazoezi yetu yana kasoro: mpinzani anarusha ngumi moja, kisha anasimama kama sanamu, mkono umenyooka, akisubiri umalize kumpiga. Mtaani hakuna anayesubiri. Nilimjibu kwamba hilo ni kosa la malezi ya watu wa mtaani, si la karate.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimesimama. Nimepata mpango. Shemeji, kaka wa mke wangu, anauza nyama buchani. Kifua kama mlango, moyo laini kama uji. Jumamosi kabla ya makabidhiano atamvamia Bi Chekechea kwenye ngazi na kumpora mkoba, Sensei akitazama toka dirishani. Mimi natokea. Namwangusha kwa pigo moja. Ufunguo unaingia mfukoni.

Shemeji aliuliza kama ataumia. Nikamwambia ngumi yangu husimama unywele mmoja kabla ya pua, ndiyo heshima ya karate, yeye kazi yake ni kuanguka tu. Akauliza kama yule mama ndiye atamuumiza. Nilicheka. Akauliza tena. Nilicheka kidogo.

Mke wangu alisikia yote akiwa jikoni. Alisema mkamia maji hayanywi, na kaka yake akirudi na mkwaruzo hata mmoja nitakwenda kulala kwa seremala.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi ya mwisho uani, katikati ya nguo zilizoanikwa. Shemeji anaanguka vizuri. Tatizo anaanguka kabla sijafika.

Jioni nilinyemelea ngazi za ukumbi kumpeleleza Bi Chekechea. Alikuwa anawafundisha kina mama kutumia sauti: mikono wazi mbele, miguu imara, maneno machache. Akasema, "Rudi nyuma." Nikarudi nyuma. Nilikuwa nje, hajui kama nipo, na nyuma yangu kulikuwa na ngazi. Kiuno kinauma. Mwanamke yule ni maajabu. Ni huruma kwamba kesho lazima nimwokoe.

Jumamosi, 8 Machi

Saa ya makabidhiano ilipokaribia, Bi Chekechea alianza kupanda ngazi. Shemeji akachomoka, akaudaka mkoba. Yule mama aliuachia papo hapo, akashuka hatua kadhaa, mikono wazi mbele yake. Sensei dirishani. Kila kitu sawa. Nikaruka mbele yao.

Hapo mazoea yakanishika. Ukumbini hupigani na mtu kabla hujamwinamia. Miguu ikajikusanya yenyewe, mikono ikanyooka mapajani, nikainama hadi chini, macho sakafuni kama adabu inavyotaka. Shemeji naye ana adabu zake. Aliponiona nimeinama, na yeye akainama. Vichwa vikagongana.

Maumivu yalimsahaulisha mpango. Alinikunja shati kooni, na mkono unaobeba nusu ya ng'ombe si mkono wa mzaha. Nikarusha ngumi yangu. Ikasimama unywele mmoja kabla ya pua, safi kabisa. Nikabaki vivyo hivyo, mkono umenyooka, nikimsubiri aanguke. Hakuanguka. Aliendelea kukaba. Nilianza kuona giza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya karate niliogopa kufa.

Bi Chekechea akasema, "Mwachie. Keti chini."

Hakupaza sauti. Shemeji aliniachia, akaketi. Mimi pia niliketi. Seremala, aliyetoka kuona kuna nini, aliketi juu ya mbao zake. Bi Chekechea akauliza nani ameanza. Shemeji akaninyooshea kidole na kusema, "Ni huyu." Kisha akamrudishia mkoba kwa mikono miwili.

Ufunguo amepewa yeye. Nimeumia, tena rohoni kuliko kooni. Hata hivyo nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Hajamgusa mtu!

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kuomba radhi. Bi Chekechea alinisikiliza hadi mwisho, akasema nilichofanya kingeweza kumvunja mtu shingo, na kwamba nisirudie. Nikaapa. Hakunifukuza. Alisema wanafunzi wataendelea kuniita mwalimu, lakini nianze upya, nijifunze kushikwa na mtu asiyesubiri. Karibu nilie.

Kisha akanitambulisha kwa mtu huyo. Shemeji! Eti ana kipaji. Eti mwisho wa mwezi ataamua kati yetu nani awe msaidizi wake. Shemeji alikuwa amevaa sare yangu ya akiba, aliyoazimwa na dada yake, na wanafunzi walikuwa tayari wanamwita mwalimu.

Nimetafakari kwa kina kosa la Jumamosi. Ni moja tu: tuliinama karibu mno. Nimezungumza na seremala. Amekubali kumvamia shemeji Alhamisi, mbele ya Bi Chekechea, nami nitokee. Jioni hii tumeanza mazoezi nyuma ya karakana, na somo la kwanza nililompa ni kuinama kwa umbali unaofaa.