Kengele ya Geti na Mama Mkwe wa Lumino

Ndugu zangu, leo sina uso wa kumtazama mtu. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo ndani ya banda la kuku, hapa nyumbani Kiyeyi. Hata kuku wananitazama vibaya.

Mke wangu, Nekesa, alijifungua wiki sita zilizopita. Mtoto wetu wa kwanza, Okoth. Wiki zote hizo Nekesa amekuwa akimsubiri mama yake aje kutoka Lumino kumpakata mjukuu, lakini miguu ya mama ilikuwa inamsumbua. Juzi akapiga simu: anakuja leo, saa nane mchana. Nekesa akakosa usingizi kwa furaha. (Mimi nilishaukosa zamani, kwa sababu ya Okoth.)

Sasa, kwetu huku mkwe na mama mkwe hawagongani ovyo. Akija, natakiwa niwe nimevaa nikavaa, nimekaa pembeni, tusalimiane kwa mbali bila kupeana mikono. Tukikutana njiani, mimi ndiye napisha. Ndiyo maana nilivuka mpaka pale Busia, nikanunua kengele ya geti isiyo na waya. Kijicho chake unakifunga getini, mtu akipita mbele yake, kengele inalia nyumbani. Nikiisikia, napata muda wa kutafuta shati. Mpango wa mtu mwenye akili. (Nilidhani.)

Shida ni kwamba geti letu liko mbali, kule barabarani, ng'ambo ya shamba la muhogo. Asubuhi nilipita mbele ya kijicho, nikakimbia hadi nyumbani kusikiliza. Kimya. Nikarudi getini, nikapita, nikakimbia tena. Kimya. Safari ya tano Nekesa akachungulia kutoka jikoni.

"Baba Okoth, unakimbia nini?"

"Najaribu kengele."

"Si mimi niko hapa? Ikilia nakuita."

Sikuwa nimefikiria hilo. Wiki sita bila usingizi, msinihukumu.

Nikakumbuka fundi mmoja wa redio pale Tororo aliwahi kuniambia kwamba chuma kinakula mawimbi. Na mimi kijicho nilikifunga kwenye nguzo ya chuma, kengele nikaiweka juu ya friji, chini ya bati. Basi nikahamisha kijicho kwenye mti wa ua, pale pale kando ya geti, juu kidogo ya majani ya muhogo. Nikabadilisha betri. Nikamfunga mbuzi mbele yake kwa kamba ndefu, awe anapita pita kwa niaba yangu. Kisha nikaanza kuzunguka uani na kengele mkononi kama padri na maji ya baraka. Dirishani, kimya. Chini ya mpapai, kimya. Bafuni, ikalia.

Bafu letu liko nje, limezungushiwa matete, halina bati. Lakini hata humo ililia mara moja tu, tena kwa sauti ya mgonjwa. Nikaitundika kwenye msumari wa taulo, nikaongeza sauti hadi mwisho. Saa sita ilikuwa imefika na nilikuwa nanuka jasho, nikaona nioge kabisa. Mama si anakuja saa nane?

Nikiwa na povu kichwani, wazo likanijia. Kamba yetu ya kuanikia nguo ni waya, na imefungwa kwenye nguzo ya bafu. Nikavuta antena ya kengele, nikaigusisha kwenye waya ule.

Kengele ikapiga kelele hadi nikaangusha sabuni.

Jamani, nilifurahi. Nikajisuuza haraka haraka. Nikakata kipande cha waya uliobaki mwishoni mwa kamba, nikakizungusha kwenye antena. Nikafunga taulo, nikaenda zangu kwenye njia ya muhogo, kengele nimeiinua juu, nikipima hatua na kumshukuru mbuzi kwa sauti. Kwamba kengele ya geti ikilia huenda kuna mtu getini, hilo halikunipitia akilini kabisa.

Kwenye kona ya njia nikakutana na mama mkwe. Hatua tatu hivi. Alikuwa amepata lifti ya mapema.

"Yesu wangu," akasema, akajifunika uso kwa leso, akageuka kurudi alikotoka. Alipopita tena mbele ya kijicho, kengele ikaanza upya mkononi mwangu. Kuizima kunahitaji mikono miwili: mmoja ushike, mwingine ubonyeze. Mkono mwingine ulikuwa na kazi kwenye taulo. Nikachagua taulo. Basi kengele ikamsindikiza mama mpaka barabarani.

Nekesa alitoka akaona mgongo wa mama yake ukitokomea. Hakunigombeza. Alimtazama Okoth mikononi mwake, machozi yakamtoka. Hapo aibu yote iliniisha, nikabaki na uchungu mtupu. Wiki sita, na mimi nimemfukuza mgeni kwa kifua wazi.

Akamkimbilia na mtoto. Nikavaa suti (sasa ndiyo nakumbuka suti), nikangoja. Aliporudi alikuwa peke yake, anajifuta macho, na mdomo unamcheza kwa kicheko.

"Amemshika mtoto. Sasa hataki kumwachia. Amekubali kuingia, lakini kesho wazee waje wamalize hii aibu kwa kuchinja mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Si huyo ulikuwa unamshukuru?"

"Na leo je?"

"Leo wewe unakaa kwa banda ya kuku. Mama amesema hiyo kijicho itoke kwa geti, uifunge hapo kwa mlango ya banda. Kengele atashika yeye."

Nimekifunga mwenyewe, kwenye nguzo ya mti, kwa umakini. Mama amekaa sebuleni, mkono mmoja Okoth, mkono mwingine kengele yangu na waya wake. Nawasikia wanacheka, na Nekesa sijamsikia akicheka hivyo tangu ajifungue. Sasa hivi nimejaribu kutoka nikajisaidie. Kengele ikalia sebuleni, chini ya bati, kwa sauti safi kabisa.

"Rudi," mama akasema.

Cheka ukishamaliza kunisaidia: kuna mtu anajua jinsi ya kupunguza nguvu ya hiki kitu?