Babu Mpole na Majirani Waliotoweka

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mchezo wetu wa simu wa kumwagiliana bustani umeharibika. Mwenye simu ya aina moja hamwoni tena rafiki mwenye simu ya aina nyingine. Majirani wote wametoweka! Chanzo ni maktaba, yaani ule msimbo wa bure unaounganisha marafiki. Aliyeuandika ni mtu baki wa mtandaoni, na tangu mwaka juzi hajaugusa. Aliyeuchagua ni mimi. Bosi kasema majirani wasiporudi kufikia Ijumaa, mchezo unahamia kwa Nadhifu. Mchezo wangu! Nadhifu, wa meza ya mkabala, hupangusa kibodi kwa pamba. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kwa nini nisirekebishe mwenyewe. Mimi fundi viraka?

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mbinu. Mwandishi hamjibu mtu mmoja, ila umma hataupuuza. Nimefungua akaunti tatu za bandia: Mjane wa Bustani, Mwalimu Mstaafu, Babu Mpole. Wote wanamlilia arudi. Mjane amenitoa machozi mimi mwenyewe. Dada, tunayelala naye chumba kimoja, kachungulia begani kwangu akasema, mdogo wangu, kwa muda huo si ungekuwa umeshalitengeneza hilo lidude? Dada ni daktari wa meno. Anajua kung'oa tu.

Jumatano, 5 Machi
Mwandishi kaamka! Anasema hakujua anapendwa hivi. Nadhifu kapita akaniuliza, Mama Maktaba, tumefika wapi? Nikamwambia diplomasia haiharakishwi. Kisha nikamkoleza Babu Mpole: laiti angeweza, angeilea maktaba hiyo kama mjukuu wake. Nimeandika vizuri mno. Kipaji hiki kinapotea bure ofisini.

Alhamisi, 6 Machi
Mwandishi amemkabidhi Babu Mpole maktaba nzima. Funguo, haki, kila kitu! Anashukuru, anakwenda kupumzika. Na mimi? Malalamiko yanamiminika, ya wote wanaoitumia: watu wa michezo ya vita, ya karata, hata ya kuoka mikate. Mmoja kamwita Babu mzee mvivu. Mjane kamjibu vilivyo.
Halafu ujumbe wa Nadhifu! Shikamoo Babu, kaandika. Kisha marekebisho kamili, safi, yamejaribiwa kwenye simu zote. Eti kuna dada kazini kwao anahangaika, mkaidi kupita kiasi, lakini ana bidii.
Mkaidi!
Babu Mpole ameyakataa. Sababu: nafasi kati ya mistari hazilingani.

Ijumaa, 7 Machi
Majirani hawajarudi. Mchezo kapewa Nadhifu. Kaweka marekebisho yake moja kwa moja ndani ya mchezo, na kabla chai haijapoa bustani zimejaa watu. Bosi akapiga makofi. Nadhifu akanong'ona, pole, hata mimi yule Babu wa maktaba alinigomea, wazee wengine bwana. Nikakubali kwa kichwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimebaki na maktaba isiyo yangu na ulimwengu mzima unaomgombeza Babu. Dada anashauri nimpe Nadhifu funguo nimwombe radhi. Ng'o! Nimepata suluhisho la kisomi: programu ya bure inayojibu malalamiko yenyewe, kwa sauti ya kizee. Mwenye nayo ameacha tangazo: napumzika kidogo, nitarudi. Ni la miaka miwili iliyopita. Mtu mwenye ahadi kama huyo unaweza kumtegemea. Nimeshaiweka.