Hotuba Yangu ya Kwanza Bungeni

Jumatatu, 8 Julai 1974
Fedheha! Mwalimu Eucabeth, anayekitaka kiti changu cha ubunge, amesimama sokoni Daraja Mbili na kuuliza kama kuna mtu amewahi kusikia sauti yangu kutoka Bungeni. Akauliza kama mimi ni bubu. Vicheko. Mimi, Alfayo Ratemo, bubu! Nikapaza sauti nyuma ya akina mama wa ndizi: wiki ijayo fungueni redio. Nitadai lami ya barabara ya Mosocho. Mtaona!

Alhamisi, 11 Julai
Balaa. Hotuba yangu ya Kiingereza, safi kabisa, sasa ni karatasi ya kufungia sukari. Tangu wiki jana Bunge linazungumza Kiswahili. Sikuulizwa! Nasikia nilikuwepo hoja ilipopitishwa. Labda.
Mke wangu Persis anasema niongee tu kile Kiswahili ninachoongea na polisi. Nikamwambia Bunge si kituo. Nimetafuta mpishi wa hoteli mjini, mtu wa Lamu, anifundishe. Anadai naiita lami "rami". Nimemfukuza. Wivu tu.

Jumatano, 17 Julai, Nairobi
Ushindi! Chakula cha mchana kilikuwa kizito, nikafumba macho kidogo ili nitafakari. Mheshimiwa jirani akanipiga kiwiko: simama, hoja ndiyo hii. Nikaruka. "Bwana Spika, naunga mkono kwa moyo wote! Watu wangu wameingojea tangu uhuru! Ifike Mosocho, ifike Nyamira, isiruke boma hata moja!"
Bunge zima likapasuka. Vicheko, makofi, wengine wakigonga viti. Sijawahi kupendwa hivi.

Ijumaa, 19 Julai
Persis amenipokea mlangoni bila chai. "Baba Ogari, umetulipisha mbwa?"
Ati hoja ilikuwa kila mwenye mbwa akate leseni. Barabara ilijadiliwa mapema, nikiwa bado natafakari. Redio imeyarudia maneno yangu asubuhi na jioni. Sokoni watu wamenibwekea. Hata mzee wa kanisa!

Jumapili, 21 Julai
Sirudi nyuma ng'o! Nimeita mkutano. Nikawaambia leseni ni maendeleo, na mbwa wa Kisii si duni kuliko mbwa wa Ulaya. Hotuba ilikuwa inaingia vizuri. Ndipo Eucabeth akaja na mbwa wake kwenye kamba, akaketi mbele kabisa.
"Mheshimiwa, huyu anauliza: akilipiwa leseni, atapigia kura wapi?"
Nikamjibu mbwa kwamba hajafikisha umri. Jibu kali. Sijui kwa nini walimshangilia mbwa.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimeshindwa uchaguzi. Vibaya.
Eucabeth amekuja nyumbani, akanipa mkono kwa adabu. "Pole, Mheshimiwa. Nitaanza na ile barabara ya Mosocho." Wizi wa mchana! Barabara ni yangu! Naye Persis akamkaribisha chai, akamfungashia mkungu wa ndizi. Usaliti ndani ya nyumba yangu.
Alipoondoka, Persis akaniuliza kama sasa nitatulia, nichume majani chai kama wanaume wengine. Nitulie? Uchaguzi mwingine u karibu, miaka mitano tu! Nikatoka hapo hapo hadi Mosocho, nikapanda juu ya kiti, nikaahidi reli itakayopita kila kilima. Watu wawili wakapiga makofi. Mmoja huenda alikuwa anaua mbu.
Nimewahesabu wote wawili.